Manispaa Yenye Kila Kitu

Simu kutoka Denmark ilimkuta Valère dukani kwa Fadumo, barabara ya Alum Rock, Birmingham, mkono mmoja umezama ndani ya gunia la dagaa. Mwanamke aliyepiga alizungumza Kiingereza cha taratibu, kila neno analiweka chini kwanza ndipo analishika jingine. Alikuwa mtumishi wa manispaa ya Hasselmark, kitongoji cha pembeni mwa jiji kuu la huko. Aliuliza kama anaongea na familia ya Arsène. Valère akajibu ndiyo, mimi ni shemeji yake, nimemwoa dada yake. Basi mwanamke akasema anasikitika sana. Arsène amekutwa nyumbani kwake amekufa. Ni moyo, kwa maoni ya daktari. Alilala humo kitambo kabla jirani hajashtuka, na namba hii wameikuta imebandikwa mlangoni mwa friji.

Valère aliutoa mkono kwenye gunia, akaufuta kwenye koti lake jipya bila kujua anachofanya.

Mwanamke yule hakumficha kitu, na hilo tumpe haki yake. Alisema sheria yao haina subira. Familia ieleze inataka marehemu afanyiwe nini, na ieleze kabla Ijumaa haijaisha. Isiposema, manispaa itamsitiri kwa utaratibu wake, na utaratibu wake ni kuchoma maiti. Akauliza kama Valère atampigia.

"Ndiyo, ndiyo," Valère akasema. "Asante sana, madam. Tunakuja."

Fadumo alimwuliza dagaa kiasi gani. Akalipa, akasahau mfuko kaunta, ikabidi mama wa watu amkimbilie nao hadi kituo cha basi.

Sasa msomaji atauliza: mtu ameambiwa shemeji yake atatiwa motoni, kwa nini hakupiga kelele palepale? Wapo watakaomwita mjinga, lakini Valère hakuwa mjinga. Alikuwa na ugonjwa mbaya kuliko ujinga: alikuwa na adabu. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, shemeji hana mdomo kwenye mazishi. Mwenye mdomo ni damu ya marehemu, na damu ya Arsène iliyobaki duniani ilikuwa mtu mmoja tu, Rosalie mkewe. Na Rosalie hawezi kuamua lolote mpaka aambiwe. Na kumwambia nako kuna njia yake. Mfiwa haambiwi kwa simu, haambiwi akiwa amesimama, haambiwi na mumewe peke yake jikoni kama anayeambiwa maziwa yameisha. Huketishwa kati ya watu, wakubwa wakiwepo, na mwenye kusema anasema. Aliyepewa habari ya kifo barabarani akaanguka, lawama ni ya mdomo ulioitoa.

Isitoshe, hakuamini. Aliyasikia maneno ya yule mwanamke yote, lakini kuyaamini ni jambo jingine. Katika maisha yake hajapata kuona maiti yenye ndugu ikiguswa na serikali. Baba yake mdogo alikaa mochwari ya Bukavu hadi jamaa walipofika kutoka Lubumbashi, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Yeye amesema "tunakuja". Nani anachoma maiti ya mtu ambaye ndugu zake wamesema wanakuja?

Jambo moja tu lilimtia baridi, nalo lilikuwa ule moto. Rosalie na Arsène walitoka Uvira wakiwa wawili, mtoto wa kike na kaka yake aliyekuwa ameanza kuota ndevu, kwa sababu usiku ule baba na mama yao waliteketezwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa kwa nje. Hapakubaki cha kuzika. Arsène alimbeba dada yake hadi ziwani, na kambini Tanzania akamlea kwa kubeba kuni za watu. Baadaye ofisi za wakimbizi zikawagawa. Yeye akapelekwa Denmark, Rosalie na mumewe wakaja Birmingham. Kila Jumapili walipigiana simu. Na Rosalie alikuwa na neno moja alilolirudia kila penye msiba kanisani, akirudi nyumbani miguu imevimba kwa kuhudumia: "Sisi kwetu hatuna hata kaburi moja. Siku Mungu akinipa la kwanza, nitalijenga kwa mikono yangu."

Jioni ile Valère hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Mama Marlène, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke aliyekwisha kuwatangazia misiba watu wengi hata watoto humkimbia akibisha hodi. Mama Marlène alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaanza kupanga.

"Pasteur Shem iko Glasgow, atarudia siku ya Mungu," alisema. "Tutamuambia Rosalie nyuma ya culte, ibada ikiisha, kwenye nyumba, shiye bote tukiwa. Ile pressure yake unaijua. Ukimuambia leo, kesho utakuwa na maiti mbili."

"Lakini ile commune inasema Ijumaa, Mama."

"Commune! Commune itamuzika mutu bila ndugu yake? Hata muzungu iko na roho. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Wewe mwambie tu yaya wake iko mugonjwa. Moyo uanze kujitayarisha."

Valère alifurahi kupewa amri. Mtu mwenye adabu hupenda amri kuliko chakula.

Basi akamwambia Rosalie kwamba yaya Arsène, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, ni mgonjwa, yuko hospitali, simu yake imezimwa. Rosalie alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Sutton Coldfield, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, bado amevaa sare. Aliketi. Hakulia. Alimwomba Grâce, binti yao, amletee simu, akaanza kuitafuta Hasselmark, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa hajafika huko hata mara moja na aliona aibu kwamba hajui kaka yake amelala upande gani wa dunia.

Hapo ndipo adhabu ya Valère ilipoanza. Tovuti ya manispaa ilikuwa na ukurasa wa kuielezea Hasselmark kwa wageni, na simu ya Rosalie iliutafsiri kwa Kifaransa kibovu. Kila siku akitoka kazini, bukari, ugali wa kwao, ikiwa mezani, aliusoma kwa sauti, akijitafsiria mwenyewe.

"Papa Grâce, sikia vile banaandika. Hasselmark ni commune kidogo sana, kati ya barabara kubwa na bahari. Iko na kijiji cha zamani, iko na ma-quartier ya manyumba ya manjano, iko na plage ya kuogea. Ile plage hata haikuumbwa na Mungu, banaleta muchanga na mashini! Yaya hakuniambiaka plage."

"Labda hapendi maji," Valère alijibu.

"Yaya? Alituvusha ziwa yeye."

Akaendelea. Treni inafika mjini haraka kuliko hii ya kwetu inayokwama kila majani yakianguka. Maktaba inajifungua yenyewe, unaingia na kadi. Kila mtu ana njia ya baiskeli. Ukuta wa miti mbele ya nyumba una urefu wake, na ukiuacha ukapita kiasi unapata barua. Hapo Rosalie alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aambiwe, maana Arsène alimsimulia kwamba Hasselmark ni kimya hata mbwa wake wanabweka kwa zamu. Kisha akamwonyesha mumewe picha ya kanisa jeupe la karne nyingi, na nyuma yake uwanja wa nyasi uliolala sawasawa bila hata jani moja kavu.

"Angalia ile nyasi. Mbuzi wa Uvira angeona haya kuikula."

Mwisho wa ukurasa palikuwa na neno la manispaa yenyewe: sisi ni wadogo lakini tuna kila kitu, hapa wakazi wanajuana na hakuna anayeachwa peke yake. Rosalie alilisoma mara ya pili, akashusha pumzi. "Unaona? Batu bazuri. Iko ku mikono muzuri." Valère aliisukuma sahani yake kando, akasingizia mwiba wa samaki.

Siku zilikwenda hivyo. Rosalie aliomba ruhusa kazini, meneja wake Tejinder akampa bila maswali. Alianza kukaanga dagaa na kuwafungasha kwenye makopo, maana Arsène aliwahi kulalamika kwamba samaki wa Denmark wana sukari. Alinunua na sombe, kisamvu cha kwao. Grâce alimtazama mama yake akifunga makopo, kisha akamtazama baba yake, na baba akatazama dirishani. Binti huyo, aliyezaliwa Birmingham, husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Alimfuata baba yake varandani.

"Dad, is Uncle actually dead?"

Valère alimwekea kidole mdomoni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsema waziwazi, naye alikuwa Peninah, Mkenya anayeimba naye kwaya, nesi wa ile hospitali kubwa ya karibu na Harborne. Mama Marlène alimnong'oneza habari ili aombe, na Peninah badala ya kuomba akamtafuta Valère. Alimkuta nje ya ukumbi wa kanisa baada ya mazoezi, akamshika mkono wa koti.

"Papa Grâce, nimesikia. Pole sana. Lakini aki mwambie leo. Mimi nafanya na hii maneno kila siku. Huku mwili haungojei kama kwetu. Kama family imenyamaza, wanaendelea, they just go on."

"Tunangoja Pasteur. Sisi Bakongomani hatu-annoncer kifo namna ile."

"Sawa, msim-announce. Lakini wewe piga simu, sema tu sentensi moja: msimchome, tunakuja kumzika. Moja tu. Hayo mengine mtafanya Sunday."

"Mimi ni shemeji, Peninah. Nikichagua mimi, kesho batasema nini?"

"Wacha waseme. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Maneno yale yalimchoma, na alikasirika, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama ukweli kutoka kwa mtu ambaye si wa kwenu. Alijiambia Wakenya nao wana haraka zao; wao hata harusi wanaiendesha kwa kamati. Lakini Ijumaa, akiwa ghalani anapobeba mizigo, sentensi ile moja ilimzunguka kichwani hadi akashusha sanduku mguuni mwa Balwinder, mwenzake wa zamu, ambaye alimwambia atoke nje akapate hewa. Alitoka. Akasimama kati ya malori, akapiga namba ya Hasselmark.

Sauti ya mashine ilimjibu kwa Kidenmarki. Ilisema sana, kwa upole, kisha ikakata. Akapiga tena, ikasema yaleyale. Ndipo alipokumbuka. Rosalie alikuwa ameyasoma mezani, kati ya maktaba na njia za baiskeli: Ijumaa ofisi za manispaa hufungwa mapema.

Na tuseme kweli yote. Alipoiweka simu mfukoni, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Amejaribu. Hakuna atakayesema hakujaribu. Jumatatu angeweza kupiga tena, lakini hata Jumatatu aliona bora yamalizike kwanza yale ya Jumapili, ambayo nayo ilikuwa imesogezwa.

Jumapili ile waliyoipanga ilipita bila tangazo. Mchungaji Shem alikwama Glasgow, mwenyeji wake kaugua, na Mama Marlène akasema habari kama ile haisemwi bila mtumishi wa Mungu. Wakasogeza wiki. Rosalie naye akasogezwa, kila siku uongo mpya: daktari amesema asitembelewe, chumba kina maambukizo, simu imeibwa. Alisikiliza yote kwa utii, akakaanga dagaa wengine kwa kuwa wale wa kwanza walianza kulegea.

Jumapili iliyofuata Rosalie alitoka ibadani akafungua mlango wa nyumba yake, akaona makochi yamesimamishwa ukutani na godoro limetandikwa sakafuni. Wanawake walikuwa wameketi pande zote, vitenge kiunoni, wamenyamaza. Hakungoja Mchungaji afungue mdomo.

"Ni yaya," alisema.

Kilio chake majirani walikisikia. Champa wa nyumba ya pili alikuja na sufuria ya chai bila kuuliza, akakaa na wenzake chini. Valère alisimama mlangoni, na Mama Marlène alimwashiria kwa kichwa kwamba kazi imefanyika vizuri: Rosalie hakuzimia, presha ilipimwa na Peninah ikaonekana inavumilika. Desturi ilikuwa imetimia kila kipengele.

Jioni Rosalie aliacha kulia. Alikaa wima juu ya godoro, akajifunga kitambaa upya, na uso wake ukawa na kitu ambacho Valère hakukitarajia, ambacho ni vigumu kukiita jina jingine isipokuwa faraja.

"Basi huyu tutamuzika," alisema. "Munasikia? Baba hatukumuzika. Mama hatukumuzika. Yaya tutamuzika. Kesho nitaita ile commune, batuambie iko wapi. Nitaenda na udongo kidogo wa ku jardin ya nyumba, na ile dagaa tutakula kule ku matanga. Nitakuwa na kaburi."

Wanawake wakasema amina. Peninah alimtazama Valère, na Valère akatoka kwenda kutupa takataka ambazo hazikuwepo.

Kesho yake Rosalie alipiga simu akiwa palepale sakafuni, sauti imefunguliwa ili wote wasikie, Grâce pembeni yake asaidie Kiingereza kikikwama. Alipokea mwanamke yuleyule wa taratibu. Rosalie alijitaja: mimi ni dada yake Arsène, nataka kuja kumzika ndugu yangu.

Mwanamke akasema anasikitika sana kwamba hakujulishwa. Walingoja hadi Ijumaa ile, akasema, na hata wiki iliyofuata ilipoanza walichelewa kidogo kwa makusudi, kwa sababu familia ilisema inakuja. Haikupiga. Kwa hiyo alichomwa, kwa utaratibu, na kwa heshima; kasisi alikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwepo ili asiwe peke yake. Majivu yamefukiwa nyuma ya kanisa jeupe, katika uwanja wa nyasi wa wasio na alama. Humo hapawekwi jina, na mahali hasa hawamwonyeshi mtu, lakini ni uwanja mzuri, unatunzwa.

Rosalie alimtazama Grâce amtafsirie. Grâce alikuwa analia, hakuweza, na haikuhitajika. Neno la kuchomwa Rosalie alilisikia vizuri.

"You called who?" aliuliza.

"Mume wako," mwanamke alijibu. "Nilizungumza naye siku ileile tulipomkuta. Alikuwa na adabu sana."

Rosalie alimshukuru. Alimshukuru kweli, kwa kuwa alisimama pale na ndugu yake. Akaiweka simu juu ya godoro, kifudifudi. Mama Marlène alianza kusema jambo juu ya mapenzi ya Mungu, akaona uso ule, akanyamaza.

"Papa Grâce."

"Ndiyo, mama."

"Baba na mama balichomwa na adui." Aliongea polepole, akimtazama mumewe bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Adui tunamujua. Yaya, nani alimuchoma?"

Valère alipiga magoti palepale mlangoni. Alisema amekosa, alisema alitaka kumlinda, alisema desturi, alisema shemeji hana mdomo. Alilia kwa sauti mbele ya wanawake, yeye ambaye hata kwa mazishi ya mama yake hakulia. Rosalie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta, akajifunika kitenge.

Siku zilipita. Wanawake walipungua mmoja mmoja, wana kazi zao na zamu zao. Makopo ya dagaa yalianza kunuka, Peninah akayatoa nje. Kwa desturi yao mfiwa hukaa chini mpaka maiti izikwe. Watu wakitoka makaburini ndipo wakubwa humshika mikono wakamwinua, godoro likakunjwa, makochi yakarudi mahali pake. Valère alikwenda kwa Mama Marlène kumwuliza nani atamwinua mkewe, na lini. Mama Marlène alifikiri sana. Akasema hajawahi kuona jambo kama hilo, hajui.

Alirudi nyumbani. Rosalie alikuwa amekaa godoroni na simu mkononi, amefungua picha ya kanisa jeupe, akiivuta kwa vidole viwili ile nyasi iwe kubwa, akiisogeza kushoto, akiisogeza kulia, jani kwa jani.